Gari si Mutoka

Majuma machache baada ya mazishi ya mjomba wangu, binamu yangu Nekesa aliniletea kifurushi kilichoviringishwa ndani ya soksi ya kiume. "Mama amesema hiki ukae nacho wewe," alisema. "Sisi hatutaki kukiona." Ndani mlikuwa na kimashine cha rangi ya manjano, chenye unene wa sabuni ya kufulia, na ufa umekata kioo chake kutoka pembe hadi pembe. Betri zilikuwa zimevuja. Nilikinusa. Sijui kwa nini mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, bado hunusa vitu kabla ya kuviangalia. Chini ya ukali wa betri iliyooza nilipata harufu nyingine, ya grisi ya zamani na mawe yaliyopigwa jua mchana kutwa. Ikabidi niketi kwenye sakafu ya jikoni. Nekesa, ambaye siku hizi ni muuguzi na hashtuki ovyo, aliketi kando yangu.

Najua harufu hiyo haikuwemo. Grisi haikai ndani ya soksi miaka yote hiyo. Ni pua yangu tu inayotunza kumbukumbu ambazo akili imekataa kuzishughulikia.

Nilikulia Kitale, mwisho wa reli. Aliyekulia katikati ya reli anajua kwamba reli hutoka mahali ikaenda mahali. Sisi tuliokulia mwisho wake tulijua kwamba reli imeshafika na haina safari nyingine. Ya kwetu ilikuwa imefika zamani, ikalala, ikaota majani. Jirani zetu walianika mahindi juu yake kwa turubai. Watoto wa kike tulifanyia juu yake mashindano ya kutembea bila kuanguka. Palikuwa na kibao cha chuma kilichotangaza kwamba ni marufuku kupita relini na kwamba atakayekaidi atashtakiwa, na kila asubuhi mbuzi wa jirani alifungwa kwenye nguzo ya kibao hicho. Nilielewa kwamba sheria ile iliwahusu watu, mbuzi wakasamehewa, na kwamba aliyeiandika alikuwa amehama.

Baba yangu, mwalimu aliyetoka Kapsokwony, huko Mlima Elgon, na aliyependa tarehe kuliko chakula, alizoea kutuambia, "Treni ilikuwa ikifika hapa na abiria." Niliisikia ile "ilikuwa" kama mtoto anavyosikia "hapo zamani za kale." Treni nilikuwa nimeiona kitabuni, kwenye ukurasa unaofuata wa fisi na sungura. Basi nikahitimisha, mimi niliyekuwa wa kwanza darasani na niliyeambiwa hivyo mara nyingi kuliko ilivyonifaa, kwamba treni zilikwisha, kama rupia. Sikumuuliza mtu. Mtoto wa kwanza darasani haulizi.

Mama alitoka Bungoma. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu lugha yake na ya baba hazikusikilizana, na sisi watoto tukawa watu wa Kiswahili cha Kitale tu, tukijua Kibukusu cha salamu na cha kugombezwa. Likizo ya Agosti, mama alinipeleka kwa kaka yake, ambaye kwa desturi ya kwao nilimwita khocha, yaani mjomba. Khocha alikuwa mpima ardhi. Watu walimwita Bwana Sorovea, naye aliitikia jina hilo kwa kunyoosha kola.

Kile kimashine cha manjano alipewa na mgeni mmoja aliyewahi kufanya naye kazi. Kilizungumza na setilaiti na kukuambia ulipo. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba wakati huo mtu alijua alipo kwa kuangalia duka la nani liko mbele yake. Yule mgeni alikuwa amemsimulia khocha kwamba huko kwao watu wazima, wenye kazi na wake, huficha makopo porini, kisha hutangaziana namba za mahali, na wengine huenda kuyatafuta kwa mashine kama ile. Ukilipata kopo, unachukua kilichomo na kuacha chako. Khocha alicheka mpaka akatoa machozi aliposikia, halafu akaupenda mchezo wenyewe kuliko mgeni.

"Watu wanaficha kopo," alituambia sebuleni, huku ameshika mashine kama padri ameshika ekaristi, "mwingine anatoka kwake, ameacha chai, anaenda kutafuta kopo. Kopo! Na ndani hakuna pesa."

"Kuna nini sasa?" Nekesa aliuliza. Yeye na mimi tulikuwa rika moja, ila yeye alikuwa na mabega.

"Vitu tu. Kalamu. Kifungo. Peremende."

"Ati mutu anatembea porini juu ya kifungo?"

"Ndiyo maana wameendelea," khocha alisema, nasi hatukujua kama anatania.

Alificha matatu. La kwanza lilikuwa kwenye ua wa kanisa, na la pili nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Yote yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia, yamefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kabla hatujaondoka siku ya kwanza, alitusimamisha kama wafanyakazi wake wa kubeba mnyororo wa kupimia.

"Sheria ni mbili. Ukitoa kitu, unaacha kitu. Na mkisikia gari, mnatoka haraka, mnasimama kando mpaka ipite. Sitaki mchezo na gari. Mmesikia?"

"Ndiyo, baba," alisema Nekesa.

"Ndiyo, khocha," nilisema mimi.

Tulisikia sote wawili. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo nikilala chali nikalifikiria: hakuna aliyekuwa kiziwi. Maneno yaliingia masikioni mwetu yakiwa yale yale, na kila mmoja akaenda na yake.

Nyumba ya khocha haikuwa mbali na reli. Alfajiri ya siku ya kwanza niliamshwa na mtikisiko. Vikombe kabatini viligongana, na mngurumo ukapita mahali fulani nyuma ya migomba, mrefu usiokwisha. Nilimshika Nekesa mkono.

"Ni nini hiyo?"

"Ni gari tu," alisema, amefumba macho. "Rara."

Nikalala. Niliwaza kwamba watu wa Bungoma wana malori makubwa kupita kiasi, na kwamba nitawasimulia wenzangu Kitale. Na kweli tulipotembea kwenye barabara ya vumbi malori ya miwa yalikuwa makubwa. Kila nilipoona moja nilikumbuka sheria ya khocha, nikatoka haraka, nikasimama kando mpaka likapita, wakati mwingine ndani ya ua wa mtu. Nekesa alinicheka hadi akashika kiuno.

"Kitale, kwani unaogopa mutoka?"

Jina langu lilikuwa limekuwa Kitale. Na hilo neno mutoka nililichukulia kuwa Kibukusu cha kitu cha shambani, labda toroli. Sikuuliza. Nimeshaeleza kuhusu watoto wa kwanza darasani.

Kopo la tatu tulilitafuta Jumamosi. Khocha alikuwa nasi, amevaa viatu vyake vya ofisini alivyovipaka rangi mpaka vikaonyesha mawingu. Barabara ya vumbi ilikwenda sambamba na reli, na kabla ya pale inapoikata palikuwa na mikaratusi upande wetu. Kando ya kivuko Mama Simiyu alichoma mahindi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na alimjua kila apitaye.

"Bwana Sorovea! Habali ya watoto?"

"Hawa hapa. Mmoja ni wa dada yangu, wa Kitale."

"Ule aliolewa na watu ya mlima? Karibu, mutoto. Kura mahindi."

Khocha alisimama kuchagua mahindi, na kuchagua mahindi kwa mpima ardhi ni kazi. Alitukabidhi mashine. "Tangulieni polepole. Mkifika kwenye miti mningojee." Yeye alijua kopo liko wapi: alikuwa amelichimbia kwenye shina la mkaratusi, upande huu kabisa, mbali na kibao cha marufuku kilichosimama kando ya reli. Alikuwa mwangalifu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Lakini mashine za wakati ule zilikuwa zikichanganyikiwa chini ya miti, kama mtu aliyeitwa na sauti mbili. Tulipofika kwenye mikaratusi mshale haukuonyesha shina lolote. Ulielekea mbele, ukapita kibao, ukapanda tuta, ukaelekea ng'ambo ya reli.

"Baba alisema tungoje hapa," Nekesa alisema.

"Mashine inasema kule."

"Kule ni kwa reli."

"Sasa? Reli ni reli." Nilikisoma kile kibao kwa sauti, kwa madaha ya mtu anayejua kusoma vibao. "Kwetu tuko nacho hiki. Tunafungia mbuzi."

Nekesa aliinua mabega yale yake. Watoto wa upande ule walivuka reli kila siku kwenda kuchota maji, na alikuwa na njia yake: aliweka kiganja juu ya chuma, akangoja kidogo, akaangalia huku na huku, kisha akavuka. Nilidhani ni ibada. Nikaiga, nikaweka kiganja changu. Chuma kilikuwa cha moto na kilinuka grisi. Niliona kimesuguliwa kikang'aa kama sufuria ya harusi, tofauti na kile cha kwetu chenye kutu, na nikawaza, kwa moyo wangu wote, kwamba watu wa Bungoma ni wasafi.

Ng'ambo, chini ya tuta, palikuwa na kalavati la kupitisha maji ya mvua. "Litakuwa humo," nilisema, nikimpa amri. Nekesa akashuka na kuingia kwa magoti. Mimi nilibaki juu nikiangalia mshale. Uliyumba. Nikasogea, ukageuka. Nikarudi, ukanifuata. Kila nilipokanyaga katikati ya reli ulitulia, basi nikaketi hapo hapo juu ya chuma, miguu yangu kwenye mawe, uso kuelekea barabarani, mgongo kwenye kona ambako reli inatokea nyuma ya miti. Nilikuwa nimekaa vizuri. Naweza hata kusema nilikuwa na amani.

Ndipo Mama Simiyu akapaza sauti.

"Gari! Gari inakuja!"

Niliinua macho, nikatazama barabara. Na kweli, gari lilikuwa linakuja. Lori la miwa, vumbi nyuma yake kama mkia wa jogoo. Nilijipima: mimi niko juu ya reli, lori liko barabarani, baina yetu kuna mtaro na tuta. Sijawahi kuwa mbali na hatari kiasi kile. Nikampungia Mama Simiyu mkono kumwonyesha kwamba nimesikia.

"Gari, wewe! Gari!" Sasa alikuwa amesimama. Kijiti cha kugeuzia mahindi kilikuwa hewani. Khocha naye alikuwa amegeuka. Sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya vile, ulifunguka wote. Alianza kukimbia. Niliona kiatu kimoja kikimtoka na yeye asigeuke kukiangalia, yeye aliyekuwa akivipangusa kwa kitambaa kila alipokanyaga vumbi, na nikashangaa ni nini kinachomkimbiza mjomba wangu hivyo. Honi ililia, ndefu, nzito. Nikalitazama lori na kuwaza kwamba dereva ana fujo.

Kisha chuma nilichokalia kikaanza kuimba.

Sijui neno jingine. Kiliimba ndani ya mifupa yangu, kutoka chini kwenda juu, na sauti ile ya alfajiri ikanijia mgongoni, safari hii bila migomba katikati. Niligeuka. Kwenye kona, kati ya miti, kulikuwa na ukurasa wa kitabu. Ulikuwa na taa. Ulikuwa mkubwa kuliko kanisa na ulikuwa unakua. Watu hufikiri mtoto akiona kifo hupiga kelele. Mimi niliduwaa kwa heshima. Wazo langu lilikuwa moja tu, na ninaliandika kwa aibu kwa sababu si wazo la mtu wa kwanza darasani: "Kumbe zipo."

Nekesa alitokea kwenye kalavati. Angebaki mle, yalimhusu nini? Mle ndani alikuwa salama. Alipanda tuta kwa mikono na miguu kama mbwa, akanikamata kwapa, akavuta. Nikatoka. Mashine ikaniponyoka na kuanguka kati ya vyuma viwili, ikalala pale kwenye mawe, manjano, na mimi nikakumbuka kwamba ni mali ya khocha, ya thamani, niliyokabidhiwa. Nikarudi.

Nikarudi! Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwafundisha kuhusu maamuzi ya busara.

Nekesa aliniuma. Aliuzamisha mdomo wake kwenye mkono wangu, juu kidogo ya kiwiko, akang'ang'ania, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, na sisi wawili tukaviringika chini ya tuta, meno yake yangali ndani yangu. Upepo ukatupita juu. Upepo ule ulikuwa na joto na mchanga, na ulitaka kuturudisha juu. Nekesa alinilalia kichwani.

Gari lile lilikuwa la mizigo, matangi meusi ya mafuta yakielekea Uganda, na lilikuwa refu. Lilipita, likapita. Baina ya magurudumu niliona vipande vya ng'ambo: kipande cha vumbi, kipande cha sketi ya Mama Simiyu, kipande cha mguu mmoja wenye soksi. Sisi tulijua kwamba tuko hai. Wao hawakujua. Miaka mingi baadaye ndipo hili lilinipata sawasawa, nikiwa na mwanangu mwenyewe, kwamba kwa urefu wote wa lile gari khocha alisimama upande wa pili akiwa baba asiye na mtoto na mjomba asiye na mpwa, na hakuwa na la kufanya ila kungoja behewa la mwisho limwonyeshe.

Lilipomalizika palikuwa kimya, hata vumbi la lori lilikuwa limetua. Khocha alikuwa amepiga magoti kwenye mawe. Alikuwa bado ameshika hindi. Alituangalia, lakini si kama mtu anayefurahi. Alituangalia kama mtu anayehesabu mikono na miguu. Kati yetu na yeye, kati ya vyuma, kile kimashine kililia "tii, tii." Treni nzima ilikuwa imekipita juu na kukiachia ufa tu. Kilikuwa kinatutangazia kwamba tumefika.

Mama Simiyu ndiye aliyefika kwanza. Alitupiga sote wawili kwa kanga, kwa zamu, bila upendeleo, huku analia.

"Niliita! Si niliita? Gari! Gari! Huyu mutoto haina masikio?"

"Nilisikia," nilisema. Damu ilikuwa inanitiririka kwenye mkono. "Niliiona. Ilikuwa kule barabarani. Ile ya miwa."

"Ya nini?"

"Gari ya miwa."

Mama Simiyu aliacha kupiga. "Hiyo ni mutoka!" alisema. "Ngai! Hiyo ni *mutoka*! Gari ni hii!" Akanyoosha mkono kule treni ilikokwenda.

Watu walikuwa wamekusanyika, na mmoja akaanza kucheka, kicheko kile cha watu walioponea. Mwingine akasema, "Ati anapungia gari mkono, bana, kama bibi arusi." Wakacheka wote. Nekesa alicheka, meno yake mekundu. Khocha hakucheka. Alikuja polepole, kiatu kimoja, akachuchumaa mbele yangu.

"Nilikwambia ukisikia gari utoke."

"Nilitoka, khocha. Nilikuwa nimetoka barabarani kabisa."

"Ukabaki kwa reli."

"Ndiyo."

"Kwa nini reli? Kando kuna shamba, kuna miti. Nani alikwambia reli ni mahali salama?"

Nilimwambia ukweli kwa sababu ndilo jambo pekee siku hiyo nililokuwa na hakika nalo. Kitale, njia yetu ya shule ilipita kando ya reli, barabara ilikuwa nyembamba na madereva walevi. Asubuhi zote, mama alisimama mlangoni, akatufunga vifungo, akasema, "Mkisikia gari, pandeni relini. Huko hakuna kitakachowapata."

"Mama," nilisema.

Nilimwona akilipokea neno hilo. Mama yangu alizaliwa nyumba ile ile ya khocha, nyuma ya migomba ile ile. Utotoni naye aliambiwa, kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, akisikia gari atoke relini. Kisha akaolewa kwenye mji ambao gari ni lile la barabarani na reli ni ya mahindi, akabadilisha maana kama mtu anavyobadilisha kitambaa cha kichwa, na kwa upendo mtupu akatufundisha kinyume chake.

Khocha aliuchukua mkono wangu, akautazama ule ung'ato. "Hilo la mama yako," alisema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "umeze. Umesikia? Akijua, hatalala tena maisha yake yote."

Mama alikuja Jumatatu. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya khocha kupata maneno ya kuisema, kwa njia ambazo habari mbaya hutumia. Aliingia, akanivua nguo zote mbele ya watu, akanigeuza, akanivisha. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Niambie."

"Ni mashine," khocha alisema. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. "Iliwaonyesha vibaya. Na mimi nilikuwa nanunua mahindi."

"Ulikuwa unanunua mahindi."

"Ndiyo, dada."

"Mtoto wangu unampeleka kwa gari kutafuta *kopo*. Mtoto wangu ni bikoni? Ni kigingi cha kupima shamba ya watu?"

"Hapana."

"Huko kwenu ofisini mnapima nini, majani yanavyoota?"

 Mke wa khocha aliweka chai na mkate mezani. Mama hakuigusa. Aliichungulia ile chai ikiota utando, akasimama, akanishika mkono ulio mzima, na tukatoka katika nyumba aliyozaliwa bila kunywa hata maji. Wanaotujua watu wa huko wanaelewa alichokifanya. Ukisusa chai ya ndugu yako umemwambia kwamba amekufa. Nilipogeuka nilimwona khocha mlangoni, amenyoosha kola, akinitazama mimi, si mama. Nikafunga mdomo wangu. Ulikuwa umejaa.

Shule zilipofunguliwa mama alinisindikiza mwenyewe. Alikuwa haniachii hata chooni. Tulikuwa tumefika pale barabara inapobanwa na reli ndipo pikapu ya maziwa ikaja kwa kasi nyuma yetu, na mama, kwa sauti ile ile ya asubuhi zote, akaita: "Gari! Panda relini!"

Miguu yangu ilikataa. Nilijitupa upande wa pili, mbele ya pua ya ile pikapu, nikaangukia mtaroni, kwenye tope hadi magotini, pamoja na sare mpya na mkoba. Dereva alifunga breki, akatukana, akaenda.

"Una wazimu wewe?"  Mama alikuwa amesimama juu ya reli, kati ya majani, mahali pake pa usalama. "Si nimekwambia upande huku? Huku hakuna..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimetulia tuli kwenye tope na sikusema neno. Khocha aliniambia nimeze, nami nikameza. Lakini nilimwona mama akitazama chini, akakitazama kile chuma alichokanyaga, kisha akanitazama mimi, kisha mkono wangu wenye kovu jipya, na nikaona maneno yake mwenyewe yakimrudia moja baada ya jingine. Alishuka kutoka kwenye reli taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani mwa mgonjwa. Aliweka kiganja mdomoni.

"Ulimwambia mjomba wako?" aliuliza.

Niliinamisha kichwa.

"Na akanyamaza," mama alisema. "Nilimtukana, na akanyamaza."

Siku hiyo sikwenda shule. Tulirudi nyumbani, akaniosha tope bila kunigombeza, akaingia nyuma ya nyumba akamkimbiza jogoo wetu mkubwa mpaka akamkamata, akamfunga miguu kwa kitambaa. Alivaa viatu vya kanisani. Mlangoni aliniambia nimwangalie mdogo wangu, nile ugali uliofunikwa, nisicheze barabarani. "Na ukisikia gari," alianza, kama kawaida yake. Alisimama hapo, jogoo kwapani, akitafuta mahali pa kuniambia nikimbilie. Alitafuta kwa muda mrefu. Kisha akaenda Bungoma kunywa chai.